Sura ya Sita: Macho kwenye Sinia

Kijana wa Kinuer, kabila la wafugaji la Sudan Kusini, akishachanjwa mistari sita ya paji la uso, hali tena mbele ya msichana asiye ndugu yake. Njaa iume namna gani, atangoja apite. Kukamua ng'ombe pia ni mwiko kwake; atakamuliwa na mama, dada au wavulana wadogo, na chakula atapikiwa, lakini kuonekana anatafuna mbele ya binti ambaye kesho huenda akamposa ni fedheha. Mwanaanthropolojia E. E. Evans-Pritchard, aliyekaa na Wanuer kwa vipindi kati ya 1930 na 1936, aliikuta heshima hiyo ya chakula katika maisha yao ya kila siku. Wakwe waliepukana zaidi. Hata bwana na bibi waliooana karibuni hawakula pamoja. Hilo lilingoja ndoa ikomae.

Nimeanza na mila hii kwa makusudi. Vitabu vingi vinavyozungumzia matatizo ya ulaji huanza na kioo: msichana mwembamba amesimama chumbani, anajitazama, anajiona mnene. Kioo hicho kipo na kina madhara yake, tutakifikia. Ila ukiwa Jebel, upande wa magharibi wa Juba, mji mkuu wa Sudan Kusini, unaanza kushuku kwamba ugonjwa huo una mlango mwingine, na mlangoni pake wamekaa watu wakitazama.

Jebel ni kitongoji kilichokua chini ya Jebel Kujur, mlima wa mawe ambao ndio alama ya mji mzima upande huo. Kina mama huketi chini yake wakiponda mawe kuwa kokoto za kuuza. Barabara ya Yei inapita hapo, na kando yake soko: malori, raksha, mitumba, kina mama wa chai na makaa yao, vibanda vya ful na kisra. Kiswahili utakisikia, chenye lafudhi ya Kakuma, kambi ya wakimbizi iliyoko Kenya, au ya Kampala, maana vijana wengi wa hapa walisomea ukimbizini. Ukifika wakati wa chakula, watu wanazunguka sinia moja.

Sinia ina siri yake. Kwa kuwa hakuna sahani ya mtu mmoja mmoja, hakuna ajuaye umekula kiasi gani. Matonge matatu au thelathini, hayahesabiki. Kinachoonekana ni namna: mkono unavyokwenda, unachota upande wa nani, unatafuna kwa kasi gani, nyama unamsogezea nani. Kwa mtu mwenye amani na nafsi yake huo ni ulinzi mkubwa. Wenzake wanamvuta ale, na mazungumzo yanampitishia chakula bila yeye kukifikiria. Kwa mwenye hofu ya watu, amepandishwa jukwaani. Tena katika nyumba nyingi wanaume hula kwanza, wanawake na watoto hula baadaye, jikoni, mmoja akinyonyesha, mwingine akisugua sufuria. Binti asiyekula siku nzima anaweza asijulikane. Analo jibu ambalo wapishi wote wa Afrika Mashariki wamewahi kulitoa: nimeshiba kwa harufu ya kupika.

Tumchukue binti wa kubuni, wa miaka 17, aliyerudi Juba kutoka Kakuma na sasa anaishi Jebel kwa baba yake mdogo. Kakuma alikula na wasichana wa rika lake. Hapa ni mgeni wa kudumu katika nyumba ya watu, na anaamini kila tonge lake linahesabiwa. Pengine linahesabiwa kweli. Bei ya unga inajulikana na kila mtu. Akiketi kula, moyo unamwenda mbio, koo linakauka, anaona mkono wake unatetemeka na ana hakika wengine nao wanauona. Taratibu anajifunza kujipa kazi saa za chakula: kuteka maji, kumbembeleza mtoto, kumsindikiza mgeni. Usiku wa manane, watu wamelala, anarudi kwenye sufuria na kufakamia asida baridi akiwa amesimama, mpaka tumbo linauma. Asubuhi anajiapiza kutotia kitu kinywani. Hajawahi hata siku moja kujiuliza kama ni mnene. Na kwa kuwa unene haumo katika habari yake, muuguzi na shangazi watamuuliza kuhusu malaria, minyoo na mimba, basi.

Mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili, toleo la tano la mwaka 2013, unapoeleza hofu ya kijamii unataja mazingira ya aina tatu ambamo hujitokeza: kuongea na watu, kufanya jambo mbele yao, na kutazamwa. Mfano unaotolewa wa kutazamwa ni kula na kunywa. Kwa hiyo meza ya chakula imo katika maelezo ya ugonjwa wenyewe, haikuongezwa na waandishi wa vitabu kama hiki. Kinachoendelea ndani ya mtu huyo kilielezwa vizuri mwaka 1995 na Waingereza David Clark na Adrian Wells. Mwenye hofu, walisema, akiingia mbele ya watu huacha kuwatazama watu na kuanza kujitazama yeye. Anajenga kichwani picha yake kama anavyodhani anaonekana, kwa kutumia mapigo ya moyo na jasho la viganja vyake, kisha anaiamini picha hiyo kana kwamba imepigwa na mtu mwingine. Halafu anajikinga: anakula tonge dogo dogo, anainamisha kichwa, anawahi kunawa. Kwa kuwa amejikinga na aibu haikutokea, anahitimisha kwamba kinga ndiyo iliyomwokoa, na kesho anajikinga zaidi.

Macho hayana pazia, Waswahili husema. Huwezi kumzuia mtu asitazame. Jambo la ajabu katika maelezo ya Clark na Wells ni kwamba mwenye hofu hana habari na macho hayo. Hajui nani anamtazama na nani anafikiria ng'ombe wake, kwa sababu hajainua kichwa kuhakikisha.

Hapo ndipo kijana wa Kinuer na binti wetu wanapoachana. Kijana anajua ni mbele ya nani asile. Akiwa na wenzake wa rika anakula mpaka anashiba, bila jasho, na anajua pia kwamba siku moja mwiko utalegea. Mila imempa aibu yenye mipaka, na watu wote wanaomzunguka wanaishiriki. Wasichana wenyewe humsaidia kwa kugeukia kwingine. Hofu ya binti haina mshirika. Leo inamkataza kula mbele ya baba mdogo, wiki ijayo mbele ya watoto wa baba mdogo, na mwishowe hata akiwa peke yake anakula kama aliyevamia.

Uhusiano wa hofu hii na ulaji uliovurugika si wa kubahatisha. Mwaka 2004 Walter Kaye na wenzake walichapisha matokeo ya watu 672 wenye anoreksia, yaani ugonjwa wa kujinyima chakula, au bulimia, ugonjwa wa kufakamia na kisha kujitapisha au kujifungisha njaa ili kufidia. Karibu theluthi mbili waliwahi kuwa na ugonjwa mmoja au zaidi wa wasiwasi. Asilimia 20 walikuwa na hofu ya kijamii. Wengi wao walianza na wasiwasi, utotoni, kabla ulaji haujaharibika. Mwaka 2012 Cheri Levinson na Thomas Rodebaugh wakaonyesha kwamba kinachoyafunga matatizo haya mawili pamoja ni woga wa kuhukumiwa vibaya na watu, ukiwamo woga wa kuhukumiwa kwa sura. Hata hivyo si kila mwenye haya anaacha kula. Wapo mamilioni wanaotetemeka kwenye harusi na bado wanamaliza pilau. Lazima kuwe na kitu katikati kinachoipeleka hofu mpaka tumboni.

Kitu hicho, kwa maoni yangu, ni namna mtu anavyoshughulika na moyo wake ukijaa. James Gross, mwanasaikolojia wa Marekani, alipendekeza mwaka 1998 kwamba tunadhibiti hisia katika hatua mbalimbali za safari yake. Unaweza kukwepa mahali panapoileta, kubadilisha hali iliyopo, kuelekeza fikira kwingine, kulitafsiri jambo upya, au kungoja hisia ipande yote kisha uifungie ndani uso usioneshe kitu. Hii ya mwisho ndiyo kujikaza. Ndiyo ya gharama kubwa pia, kwa sababu inaficha hisia bila kuipunguza. Moyo unaendelea kwenda mbio huku uso umetulia. Mwaka 2007 watafiti wa Nebraska, akiwamo Debra Hope, waliwachunguza wanawake wanafunzi wa chuo na kuona kwamba wenye hofu zaidi ya watu ndio wenye ulaji uliovurugika zaidi, na kwamba kujikaza huko kulieleza sehemu ya uhusiano huo. Nebraska si mahali pa mbali kwa habari yetu: mji wa Omaha una mojawapo ya jumuiya kubwa za Wasudani Kusini nchini Marekani.

Sasa, kumwambia mtu wa Sudan Kusini kwamba kujikaza ni tatizo ni kutafuta ugomvi. Ile mistari sita ya paji la uso hukatwa kwa kisu kutoka sikio hadi sikio, mvulana amelala chali, na hatakiwi hata kukunja uso. Kutotikisika ndiko kunakomfanya mtu mzima. Kwa wasichana hakuna kisu cha namna hiyo, lakini somo ni lile lile, wanalipata kidogo kidogo: usilie mbele ya wageni, usionyeshe kwamba una njaa, usiwe wa kwanza kunyoosha mkono. Watafiti Emily Butler, Tiane Lee na Gross mwenyewe waliandika mwaka 2007 kwamba kuficha hisia hakumdhuru kila mtu kwa kiasi kimoja. Wanawake waliolelewa na maadili ya Kiasia, ambako kujizuia ni adabu, waliumia kidogo kuliko wenzao wa maadili ya Kizungu. Mimi nalichukua hili kwa uzito. Kujikaza mbele ya wakwe, ukijua kwamba jioni utakaa na dada zako umwage yote, ni ustaarabu. Shida inaanza pale jioni hiyo isipokuwapo.

Watu wa nchi hii wamekuwa na njia zao nyingine za kutuliza moyo, na moja naipenda sana. Godfrey Lienhardt, aliyeishi na Wadinka mwishoni mwa miaka ya 1940, alisimulia katika kitabu chake cha 1961 habari ya mtu aliyewahi kufungwa gerezani Khartoum, ambaye baadaye alimpa mwanawe jina Khartoum. Alikusudia kuukumbuka mji ule na pia kuukinga usimdhuru tena. Lienhardt alieleza kwamba kwa Wadinka kumbukumbu chungu haitoki ndani ya kichwa cha mtu. Inamjia kutoka nje, kama nguvu inayomshika, kwa hiyo inaweza kuitwa, kupewa jina, kuwekwa mbele ya watu. Mtu yule kila akimwita mwanawe aje kula, alikuwa anaushika mji uliomshika. Sijui mbinu ya kliniki inayoizidi hiyo kwa uchache wa maneno.

Asiye na njia kama hiyo hutafuta nyingine, na chakula kiko karibu. Todd Heatherton na Roy Baumeister waliandika mwaka 1991 kwamba kufakamia ni kujikimbia. Mtu aliyeshinda akijitazama kwa macho makali ya watu wengine anachoka na nafsi yake. Anapokula kwa pupa fikira zinasinyaa mpaka zinabaki kwenye ladha, tonge, kumeza. Kwa dakika chache hakuna hukumu, hakuna kesho. Kisha fahamu zinarudi zikiwa na deni jipya. Kujinyima nako kunatuliza, kwa njia yake: mwili wenye njaa huwa kama umefunikwa blanketi, hisia zote zinapungua sauti, na mtu anapata angalau jambo moja ambalo anaweza kulitawala. Binti wa Jebel anafanya yote mawili, mchana moja, usiku la pili.

Nimesema jioni isipokuwapo, na Jebel imewahi kuzipoteza jioni zake zote kwa mkupuo. Vita vilipozuka Juba Desemba 2013, maelfu ya watu, wengi wao Wanuer, walikimbilia kituo cha Umoja wa Mataifa kilichopo Jebel, UN House. Waliokwenda kujificha siku mbili tatu wakakaa miaka. Hebu fikiria mila ile ya chakula ndani ya hema la plastiki, ukuta wa jirani ukiwa mkono mmoja kutoka kwako. Kijana atakwenda kulia wapi ambapo wasichana hawamwoni? Mkwe atamkwepa vipi mkwewe kwenye foleni moja ya mgao? Aibu ambayo kijijini ilikuwa na nafasi yake, uwanda na vibanda vya wanaume, ilibanwa mpaka ikawa haina pa kupita.

Julai 2016 mapigano yakarudi, safari hii Jebel ikiwa katikati yake. Ghala kuu la Mpango wa Chakula Duniani mjini Juba liliporwa zaidi ya tani 4,500 za chakula, ambazo zingelisha watu 220,000 kwa mwezi. Wanawake waliotoka UN House kwenda kutafuta unga walibakwa na wanajeshi barabarani, wengine karibu kabisa na lango. Napita haraka hapa, maana kuna mambo ambayo mwandishi hapaswi kuyapamba. Itoshe kusema kwamba baada ya mwezi ule, kwa wanawake wengi wa kambi, kupata chakula na kuonekana na watu yalikuwa yamefungwa katika hofu moja iliyokuwa na sababu kamili. Mtaalamu anayemwambia mtu kama huyo kwamba anatia chumvi hatari ya macho ya watu anastahili kunyamazishwa.

Tena Juba ilikuwa na majeraha tangu kabla. Utafiti uliofanywa mjini humo mwaka 2007, kwa watu wazima 1,242, uliwakuta asilimia 36 na dalili za kiwewe cha vita na nusu nzima na dalili za unyogovu. Hiyo ilikuwa miaka ya amani.

Msomaji anaweza kuuliza: je, mahali penye uhaba wa kweli wa chakula, kuna haja ya kuzungumzia ulaji uliovurugika? Si anasa ya walioshiba? Dhana hii imeenea hata miongoni mwa madaktari, na imevunjwa mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa Minnesota, mwaka 1944 hadi 1945, Ancel Keys alipowapunguzia chakula kwa miezi sita vijana 36 wenye afya njema waliojitolea. Walikonda kwa karibu robo ya uzito wao, jambo lililotarajiwa. Ambalo halikutarajiwa ni tabia zao. Walianza kukusanya mapishi, kulamba sahani, kula peke yao kwa mwendo wa ibada, kujitenga na marafiki na wachumba. Na walipolishwa tena, baadhi walifakamia bila kiasi wakiendelea kusema wana njaa. Hawakuwa na historia ya ugonjwa wala kioo mbele yao. Njaa yenyewe iliwatenga na watu. Mara ya pili ni San Antonio, Texas, mwaka 2017, ambako Carolyn Black Becker na wenzake waliwachunguza watu 503 wanaopokea chakula cha msaada. Katika kundi lililokuwa na njaa kali kuliko yote, lile ambalo hata watoto wao walilala njaa, asilimia 17 walikuwa na dalili za ugonjwa wa ulaji za kiwango cha kuhitaji tiba. Mgao ukifika watu hula kupita kiasi, ukikaribia kwisha wanajinyima ili watoto wapate, na mwili unajifunza mwendo huo. Binti wetu, kumbe, hakuanza kwa hofu peke yake; miaka ya mgao wa Kakuma ilikwisha kumfundisha kula kwa mawimbi.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaotaka kujua kipi kilitangulia, hofu au njaa, kana kwamba jibu ni moja kwa kila nchi. Takwimu za Kaye zinatoka kwa watu ambao wengi wao jokofu lao halikuwahi kuwa tupu. Pale hofu ilitangulia. Jebel vinaweza kuingia vyote kwa siku moja.

Turudi kwenye kioo, nilikiahidi. Katika nchi hii kioo kimegeuzwa upande. Vijana wa Kidinka walikuwa na desturi, aliyoieleza Francis Mading Deng, ya kujitenga kwa miezi wakinywa maziwa na kulala ili wanenepe; mwili mkubwa ulitangaza kwamba ukoo una ng'ombe wa kutosha kumlisha mtu asiyefanya kazi. Kukonda ni habari mbaya. Uganda, walikokimbilia Wasudani Kusini wengi, ukimwi ulijulikana kwanza kwa jina la kukonda, na madaktari wake waliuandika hivyo kwenye jarida la Lancet mwaka 1985. Tangu hapo mtu akipungua uzito majirani wananong'ona. Khartoum, kabla ya vita vya Aprili 2023, wasichana walinunua vidonge vya steroidi vya kunenepesha kwenye maduka ya vipodozi, kimoja kimoja, na mwaka 2017 BBC iliripoti majina yake ya mtaani, likiwamo la paja la kuku. Kinshasa walitumia dawa ya mzio yenye tabia ya kuongeza hamu ya kula. Figo na moyo hulipa gharama hiyo. Huu nao ni ulaji uliovurugika kwa woga wa macho ya watu, ingawa mizani inasomwa kinyume.

Na kuna kioo cha ng'ambo. Alek Wek, mzaliwa wa Wau, aligunduliwa na wakala wa mitindo sokoni London mwaka 1995. Adut Akech, aliyepitia Kakuma akiwa mtoto na kukulia Adelaide, alitangazwa mwanamitindo wa mwaka huko London mwaka 2019. Wembamba ambao kijijini haukuwa sifa umekuwa kipimo duniani, na msichana wa Omaha au Melbourne anatakiwa na bibi yake anenepe na anatakiwa na simu yake asinenepe. Sitakaa sana hapa. Sura inayofuata ni ya simu.

Ninachotaka kukishikilia ni kwamba kujinyima kunaweza kutokea bila kioo chochote. Mwaka 2004 Dinah Bennett na wenzake waliripoti uchunguzi wa wasichana 668 wa shule kaskazini-mashariki mwa Ghana. Waliwapata 10 waliokonda kwa kujinyima tu, bila ugonjwa mwingine, na hawakuzungumza juu ya unene. Walizungumza juu ya kufunga, dini na kuitawala nafsi. Juba ni mji wa makanisa, na Kwaresima huheshimiwa. Mfungo humpa mwenye hofu kitu ambacho sinia haimpi: ruhusa ya kutokula mbele ya watu wote, tena akisifiwa.

Huduma ni chache. Ripoti ya Amnesty International ya mwaka 2016 iliwakuta madaktari wawili tu wa magonjwa ya akili nchini kote, na vitanda 12 vya wagonjwa hao katika Hospitali ya Mafunzo ya Juba. Vituo vya lishe, kwa upande wao, hupima mkono kwa ule utepe wa rangi tatu, na hasa huwapima watoto chini ya miaka mitano, wajawazito na wanaonyonyesha. Msichana wa miaka 17 asiye na mimba wala mtoto hupita katikati. Ningekuwa na amri ningeongeza swali moja kwa kila msichana anayefika kituoni hata kwa kichwa kinachouma: jana ulikula na nani?

Lakini si lazima tungoje madaktari. Katika makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp, kaskazini mwa Uganda, Wietse Tol na wenzake waliwajaribia wanawake 694 wa Sudan Kusini mafunzo ya kujisaidia yaliyotayarishwa na Shirika la Afya Duniani, wakayachapisha matokeo mwaka 2020. Wanawake hadi 30 huketi pamoja mara moja kwa wiki, kwa wiki tano, wakisikiliza sauti iliyorekodiwa kwa Kiarabu cha Juba, pamoja na kitabu cha picha. Mwezeshaji hahitaji shahada. Wanafundishwa kurudi mahali walipo moyo ukichafuka, kwa kusikia nyayo zao ardhini na pumzi yao. Kulitambua wazo chungu na kulitaja kwa jina badala ya kulipiga vita. Kuipisha hisia ikae bila kuikimbia. Yule baba aliyemwita mwanawe Khartoum angewaelewa mara moja. Miezi mitatu baadaye, dhiki ya waliofundishwa ilikuwa imepungua kuliko ya wenzao wasiopata mafunzo hayo. Mafunzo hayo hayakulenga chakula, ila yalilenga kile kilicho katikati ya hofu na chakula.

Sehemu ya chakula yenyewe inahitaji mazoezi, na yanaweza kufanyikia jikoni. Anza na mtu mmoja anayeaminika, kitu kidogo, tena kinachonywewa au kushikwa bila tabu; chai na andazi vinafaa kuliko asida na mchuzi wa bamia unaovutika. Kisha watu wawili. Kila mara mhusika ainue kichwa na kuwatazama walioketi naye, ahesabu ni wangapi hasa wanaomtazama, kwa sababu kinga zile walizozieleza Clark na Wells hulegea pale mtu anapoanza kupata habari za kweli kutoka nje. Asiruke chakula cha mchana ili kufidia cha usiku. Usiku wa kufakamia hupikwa mchana wa kujinyima. Mama anayesimama juu yake akisema kula, kula, anaongeza jozi moja ya macho. Afadhali aketi, ale yeye, asimulie habari za sokoni. Na binti akianza kuzimia, hedhi ikikatika kwa miezi, au akitapika damu, mazoezi yasimame apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.